Jakuzi kwenye nyumba ya likizo Malindi: mwongozo kamili kwa mwenye nyumba aliye mbali

Nyumba nyingi za likizo za Malindi, kuanzia Casuarina hadi kule Mayungu, hufunguliwa mara tatu nne kwa mwaka: Desemba, Pasaka, Agosti, na pengine wikendi moja ya arusi. Siku zilizobaki aliyeko ni mtunza nyumba, paka, na jakuzi iliyofunikwa. Mwenyewe yuko Nairobi au Milano, na akishuka uwanja wa ndege anataka akute maji ya moto kabla hajavua viatu.

Nimefungua vifuniko vingi vya jakuzi za namna hiyo. Kimoja nilikifungua baada ya miezi minne: maji yamekuwa kama chai ya rangi, viluwiluwi vya mbu vinacheza juu, na ukingoni kuna utelezi unaoweza kuukwangua kwa ukucha. Mwenyewe aliniuliza kwa simu kama anaweza kutia klorini nyingi kisha aingie jioni ileile. Hapana, mama.

Tatizo ni kwamba maelekezo mengi ya jakuzi yameandikiwa watu wa nchi za baridi. Huko wanaogopa maji kuganda ndani ya mabomba na kuyapasua, ndiyo maana wanashauriwa waiache hita ikiwaka msimu mzima hata nyumba ikiwa tupu. Malindi hakigandi kitu. Sisi shida zetu ni joto linalozalisha vijidudu, hewa ya chumvi inayokula chuma, mbu, na stima inayokatika bila hodi. Kwa hiyo kanuni ninayofuata ni hii: jakuzi isiyo na mtu wa kuiangalia kila wiki ikae tupu na kavu. Iliyo na mtu wa kuaminika inaweza kukaa na maji, lakini maji hayo yasipashwe moto. Kibaya kuliko vyote ni hali ya katikati, maji yamo, swichi imezimwa, kifuniko kimefungwa, na mwenye nyumba amesema atarudi mwezi ujao.

Maji yaliyolala

Bakteria aitwaye Legionella hustawi kwenye maji ya nyuzi 20 hadi 45 za selsiasi. Jina lake limetokana na mkutano wa askari wastaafu wa American Legion uliofanyika Philadelphia mwaka 1976, ambapo watu wengi waliugua homa ya mapafu na baadhi wakafa. Mtu haambukizwi kwa kuyanywa maji kwa kawaida, bali kwa kuvuta pumzi yenye matone madogo ya maji hayo. Sasa fikiria kazi ya jeti, ile midomo inayorusha maji ndani ya jakuzi: ni kutengeneza matone hayo na kukupulizia usoni.

Maji ya tangi Malindi huwa kama nyuzi 28 bila kuwashwa chochote, na chini ya kifuniko mchana wa kaskazi yanapanda zaidi. Yaani hata hita ikizimwa, bado umemwekea bakteria kitanda kizuri. Kuna mwenzake pia, Pseudomonas, anayeleta vipele vyekundu vinavyowasha, hasa sehemu zilizokuwa chini ya nguo ya kuogelea. Wote wawili hujificha kwenye ule utelezi unaojijenga ndani ya mabomba, mahali ambapo mkono wala kitambaa havifiki.

Halafu mbu. Katika joto letu yai la mbu aina ya Aedes linaweza kuwa mbu kamili ndani ya siku saba hadi kumi, na yeye hapendi mitaro michafu, anapenda maji yaliyotulia karibu na watu. Watu wa Lamu hawajasahau mwaka 2004. Ukame ulikuwa umewafanya watu wahifadhi maji nyumbani kwenye mitungi na mapipa, chikungunya, ugonjwa wa homa unaoenezwa na mbu huyu, ikaingia kisiwani na kuenea kwa sehemu kubwa ya wakazi, kisha ikafika Mombasa na visiwa vya Bahari ya Hindi. Jina lenyewe ni la Kimakonde, na linasema habari ya mtu aliyekunjika kwa maumivu ya viungo. Jakuzi yenye lita 1,200 za maji yasiyo na dawa ni mtungi mkubwa kuliko yote mtaani, na majirani ndio watakaong'atwa wewe ukiwa Nairobi.

Hesabu ya stima

Wengi huniambia wanaiacha ikiwa moto kwa sababu kuipasha upya ni gharama. Tupige hesabu. Lita 1,200 kutoka nyuzi 28 hadi 39 zinahitaji takriban uniti 15 za stima. Hita ya kilowati 3 itamaliza kazi hiyo kwa saa tano hivi, ya kilowati 2 kwa saa nane. Basi, hayo ndiyo yote. Ikiwa jakuzi inapoteza joto la uniti nne tu kwa siku, kuiweka moto mwezi mzima ni uniti 120, na hakuna aliyeingia. Mtu wa milimani ambaye maji yake yanaanza na nyuzi 5 ana sababu ya kusita. Wewe mpigie simu mtunza nyumba asubuhi ya safari, na kufikia magharibi maji yako tayari.

Kuilaza: kazi ya siku tatu

Kama hutarudi ndani ya wiki tatu nne na hakuna wa kuiangalia, imwage. Lakini kufungua koki, kuona maji yametoka na kuondoka siko kuilaza. Ndani ya pampu, hita na mabomba hubaki lita kadhaa, na hizo ndizo zinazooza.

Siku ya kwanza osha mabomba kabla maji hayajatoka. Toa filta, mimina dawa ya kusafishia mabomba ya jakuzi kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, fungua jeti zote na vidhibiti vya hewa, washa pampu. Usishangae likitoka povu la kahawia, huo ndio utelezi niliousema, na jakuzi iliyoonekana safi ndiyo mara nyingi hutoa povu jingi. Ukikosa dawa hiyo, tumia klorini ya unga aina ya dikloro: gramu 40 hivi kwa lita 1,200 zitakupa miligramu 20 kwa kila lita. Pampu izunguke, kisha acha maji yakae na klorini hiyo usiku kucha. Ubao wa onyo uwekwe, maana kiwango hicho si cha kuogea mtu.

Siku ya pili zima stima kwenye swichi kuu ya jakuzi, sio kwenye vitufe vya juu. Hita ikiwaka bila maji inaungua kwa dakika chache. Kabla ya kumwaga, acha kifuniko wazi kwenye jua hadi kipimo kionyeshe klorini imeisha. Jua la Malindi halichelewi kuila. Maji yasielekezwe kwenye shimo la choo, kwa kuwa klorini huua bakteria wanaofanya kazi humo, wala kwenye mboga. Yaliyoisha dawa yanafaa kuoshea uwanja.

Maji yakiisha juu, fungua mlango wa ubavuni. Pampu nyingi zina viungio vikubwa vya plastiki vinavyofunguliwa kwa mkono. Vilegeze, weka beseni chini, yaliyobaki yatoke. Kisha chukua vakyumu ya kunyonya maji, ukishikilia mpira wake kwenye kila jeti mojamoja. Ni kazi ya kuchosha na hakuna njia ya mkato. Kijana mmoja niliyefanya naye kazi alikuwa akiziba jeti za jirani kwa vitambaa ili upepo usitorokee huko, na maji aliyotoa kwa njia hiyo yalikuwa mara mbili ya yangu.

Pangusa beseni lote kwa kitambaa laini. Ukoko mweupe wa chokaa utatoka kwa siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu. Usitumie steelwool wala sabuni ya unga. Ya kwanza inakwaruza, ya pili itakupa povu siku ya kurudi.

Siku ya tatu ni ya kukausha tu. Filta ioshwe kwa maji ya mpira kati ya mikunjo yake, ikaushwe kivulini, ifungwe kwenye mfuko na kuwekwa ndani ya nyumba. Raba za mviringo kwenye viungio zipakwe grisi ya silikoni, sio Vaseline, kwa kuwa mafuta ya petroli hulegeza baadhi ya raba. Kifuniko kisifungwe kabisa: weka vipande vya mbao pembeni kiinuke vidole viwili, halafu uzungushie neti ya mbu. Hewa iingie, mbu na popo wabaki nje.

Jambo moja linasahaulika sana. Jakuzi tupu haitakiwi kuachwa juani, iwe wazi au imefunikwa kwa kifuniko cheusi. Bila maji hakuna kinachobeba joto, na akriliki, ile plastiki ya beseni, inaweza kuvimba na kutoa malengelenge. Kama haiko chini ya paa la makuti, itengenezee kivuli cha turubai jeupe, lenye nafasi ya upepo kati yake na kifuniko.

Ikibaki na maji: makubaliano na mtunza nyumba

"Mzee wangu, jakuzi iko sawa?"

"Iko sawa, mama."

Mazungumzo haya hayana uongo ndani yake. Mzee alipita, akaona kifuniko kipo na hakuna maji yaliyovuja. Hakuambiwa kingine. Usimpe mtu kazi ya "kuangalia". Mpe kazi inayopimika, umlipe kwayo mbali na mshahara wa ulinzi, na umnunulie vifaa yeye asitoe mfukoni. Andika kwa Kiswahili kwenye karatasi moja, uitie plastiki, ibandikwe ndani ya mlango wa stoo.

Mimi huandika mambo manne tu, Jumatatu na Alhamisi. Fungua kifuniko, unuse na utazame. Chovya karatasi ya kupimia na upige picha papo hapo kando ya rangi zilizo kwenye chupa, kwa sababu ikikaa dakika mbili rangi inabadilika. Picha itumwe kwa WhatsApp. Ongeza dawa kama mwenyewe alivyojibu. Washa jeti dakika kumi na tano kifuniko kikiwa wazi, nawe ukae upande upepo unakotoka. Zaidi ya hayo, filta ioshwe kila wiki mbili.

Vipimo unavyotafuta kwenye picha: pH, yaani kipimo cha asidi ya maji, kati ya 7.2 na 7.8, klorini miligramu 3 hadi 5 kwa lita, au bromini, dawa inayofanya kazi ileile ya klorini, 4 hadi 6, na alkalini, inayozuia pH isiyumbe, 80 hadi 120. Kwa nyumba isiyo na watu mimi napendelea bromini kwenye chombo kinachoelea, kwani huvumilia joto kuliko klorini na haimtegemei sana mtu aliyesahau siku moja. Hita ishushwe hadi mwisho wake. Kwa jakuzi nyingi hapa kwetu haitawaka kabisa. Pampu izunguke kwa muda wa saa mbili kila asubuhi na muda kama huo kila jioni. Hata hivyo mwaga maji yote kila miezi mitatu, yawe yametumika au la.

Klorini ikipungua, gramu 6 hadi 7 za dikloro, kama kijiko kimoja cha chai, zinaipandisha kwa miligramu 3 katika lita 1,200. Alkalini ikiwa chini, soda ya kuokea inatosha: gramu 20 kwa lita 1,200 kwa kila miligramu kumi kwa lita unazotaka kupanda.

Penye bwawa la kuogelea kuna hatari ya pekee, zile tembe kubwa za bwawa. Kijana wa bwawa kwenye nyumba moja niliyoshughulikia aliona karatasi inaonyesha klorini iko chini, akadondosha tembe moja ndani ya jakuzi, kwa nia njema kabisa. Ilizama ikatulia kwenye kiti. Niliporudi kiti kilikuwa na doa jeupe la ukubwa wa sahani, na halijatoka hadi leo. Tembe hizo ni za asidi nyingi, huyeyuka polepole, na kwenye maji machache hula hita pia. Na klorini za aina mbili zisikutane kamwe zikiwa kavu, hata kwa kijiko kimoja chenye mabaki. Zinaweza kuwaka moto. Asidi na klorini zikikutana hutoa gesi yenye sumu. Kila moja na rafu yake, kwenye stoo kavu yenye hewa, ndani ya chupa yake ya asili, sio ya soda. Wala zisihifadhiwe ndani ya kabati la jakuzi, mvuke wake utamaliza nyaya za shaba. Wakati wa kuchanganya, dawa hutiwa kwenye maji, si maji kwenye dawa.

Stima ikikatika, mtunza nyumba azime swichi ya jakuzi, na ikirudi asubiri kama robo saa kabla ya kuiwasha, maana ule mshtuko wa kwanza ndio unaochoma bodi ya umeme inayoendesha jakuzi. Ikikatika zaidi ya siku nzima, atie kijiko cha klorini na kukoroga kwa mti safi.

Mfereji au kisima

Maji ya mfereji ya Malindi hutoka Baricho, kwenye visima vilivyo kando ya mto Sabaki, na pampu za huko zikisimama mji mzima unakauka. Basi watu hutumia kisima cha nyumbani. Ardhi yetu ni mawe ya matumbawe, kwa hiyo maji hayo huwa na chokaa nyingi, na karibu na ufuo huwa na chumvi pia. Ukitaka kujua yakoje, tazama ndani ya birika la jikoni: ukoko ulioko humo ndio utakaovaa hita yako. Kwa jakuzi, afadhali ungoje mfereji au uagize boza la maji kuliko kujaza kwa kisima chenye chumvi. Kama huna budi, pH isivuke 7.6, na usitumie klorini ya unga ya kalsiamu, ile inayouzwa kwa ndoo, kwani itaongeza chokaa juu ya chokaa.

Chumvi ya hewani na wageni wa kabatini

Upepo wa kusi, kuanzia Aprili hadi Septemba, hubeba chumvi ya bahari hadi ndani ya kabati la jakuzi. Skurubu za kawaida hufa kwa msimu mmoja. Dai za chuma cha pua cha daraja la 316. Fundi wa stima afungue kisanduku cha nyaya mara moja kwa mwaka, asafishe vichwa vyake, apime athi (waya wa ardhini), na abonyeze kitufe cha majaribio cha swichi inayokata stima inapovuja. Hiyo swichi lazima iwepo. Kama jakuzi yako haina, usiingie mtu.

Kisanduku hicho pia ni nyumba nzuri ya mjusi kafiri. Hupenda joto la bodi, hutaga humo, na akigusa waya mbili kwa pamoja wote wawili mnapata hasara. Panya hutafuna mabomba madogo, sisimizi huziba swichi. Ziba kila tundu la kabati kwa wavu mwembamba wa chuma cha pua, na uache nafasi za hewa.

Kuiamsha

Iamshwe siku moja kabla ya wageni, sio saa moja kabla. Mtunza nyumba afungue kabati kwanza, stima ikiwa bado imezimwa, atazame wadudu na kukaza viungio. Pampu iliyolala miezi mingi kavu inaweza kugandamana. Azungushe mhimili wake kidogo kwa mkono, ikisogea ni salama. Arudishe filta, kisha ajaze maji kwa kuutia mpira ndani ya tundu la filta, ili maji yasukume hewa kwenye mabomba. Pampu ikinguruma na jeti hazitoi kitu, hewa imeziba: zima, legeza kiungio cha juu cha pampu hadi maji yaanze kuchuruzika, kaza, washa.

Kabla hita haijawashwa, tia gramu 20 za dikloro kwa lita 1,200 na uzungushe jeti zote nusu saa, kifuniko wazi, watu mbali na mvuke. Pima baada ya saa kadhaa. Klorini ikiwa imeshuka yote, kuna uchafu bado ndani: rudia, na ikishuka tena mwaga uanze upya na dawa ya mabomba. Ikibaki, sawazisha pH, washa hita asubuhi ya siku ya wageni. Joto lisipite nyuzi 40. Mjamzito na mwenye shida ya moyo wamwulize daktari kwanza, watoto wa chini ya miaka mitano wasiingie, na mwingine yeyote robo saa inamtosha kwa mara moja, hasa usiku wa Februari ambapo hata nje hakuna ubaridi wa kukupoza.

Pima mara ya mwisho kabla mgeni wa kwanza hajaingia. Ukisikia harufu kali ya klorini, usidhani imezidi. Mara nyingi ni klorini iliyochoka kwa jasho na mafuta ya kujikinga na jua. Waambie wageni waoge kwanza, na bafu la nje liwekwe mahali ambapo hawawezi kulikwepa.